Tebo bila machozi: trei la mayai, vitumbua na karata

Mleta mada, pole kwa yanayomkuta binti, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Kwa mliochelewa kuingia, kisa kwa kifupi ni hiki: dada yetu ana binti wa darasa la tatu. Tebo ya pili hadi ya tano anaziimba vizuri kabisa, ila ukimkatisha ukamuuliza 6 mara 7 anaganda. Shuleni kashachapwa kwa hilo, na siku hizi daftari la Hisabati likitoka tu kwenye begi, tumbo linaanza kumuuma. Anatafuta njia ya kumfundisha ambayo mtoto ataifurahia. Waliotangulia kujibu wamegawanyika. Kuna wanaosema mchape tu, sisi tulichapwa tukajua, na kuna wanaosema kanunue bango la tebo ubandike ukutani.

Mimi si mwalimu. Nina duka la rejareja huku Tanga, na asubuhi nakaanga vitumbua hapo hapo barazani. Wanangu wamekulia dukani, pamoja na mtoto wa dada yangu aliyesoma shule ya msingi akiwa kwangu. Nimewapitisha wote kwenye tebo, kila mmoja na kichwa chake, na hapa naandika yale niliyoyaona yakifanya kazi.

Kwanza tuelewane kuhusu huyo binti. Anachokijua ni wimbo. "Mbili mara moja mbili, mbili mara mbili nne" ni wimbo, na wimbo una mwanzo wake. Ukimuuliza katikati inabidi apande mpaka juu aanze kushuka nao, na kwa tebo ya sita safari hiyo ni ndefu, mwalimu kasimama pale na fimbo, mtoto anapotea njiani. Jaribu wewe mwenyewe bila kufikiri: herufi gani inakuja kabla ya T? Wengi wetu tutaanza kuimba chinichini kutoka kule nyuma. Sasa fikiria unaulizwa hivyo mbele ya darasa zima.

Kuimba hakuna ubaya, mwache aendelee, kunamzoesha masikio na majibu. Ila akiishia hapo, darasa la nne litamtesa, maana kugawanya kunataka arudi kinyumenyume, sehemu zinataka hivyo hivyo, na akifika kwenye KDS na KKS (kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika) huko mbele hakuna wimbo utakaomsaidia. Anatakiwa aulizwe kutoka popote ajibu. Mimi niliongeza mambo mawili: kwanza aone kwa macho kuzidisha ni kitu gani, pili aone kwamba kazi iliyobaki ni ndogo kuliko anavyotishwa.

Kwenye kuona kwa macho nilianza na trei la mayai kwa sababu ndilo lililokuwepo. Trei ni mayai 30, na ukiliangalia ni mistari 5, kila mstari mashimo 6. Chukua trei tupu na mkebe wa vizibo vya soda. Duka lolote watakupa bure ukiwaambia ni vya mtoto kujifunzia. Mwanangu wa pili alikuwa anamalizia darasa la pili tulipokaa chini na hilo trei. Nikamwambia ajaze mstari mmoja. Vingapi? Sita. Jaza wa pili. Akahesabu kimoja kimoja kutoka mwanzo, nikamwacha. Wa tatu, akahesabu tena kutoka mwanzo. Wa nne nikaona kidole kinaanzia pale pale kwenye kumi na nane, hakirudi nyuma. Sikusema kitu. Alipomaliza akatangaza thelathini. Nikalizungusha trei likakaa upande wa pili, nikamuuliza: sasa mistari ni mingapi? Sita. Kila mstari una vingapi? Vitano. Kwa hiyo vyote? Akashika kizibo cha kwanza aanze kuhesabu upya, halafu akakirudisha. "Mama, si ni vile vile? Hakuna aliyetoa."

Hapo ndipo 5 mara 6 na 6 mara 5 vikawa kitu kimoja kichwani mwake, na hajawahi kuhitaji kuambiwa tena. Utasema ni jambo dogo. Si dogo, maana kuanzia siku hiyo kila jibu alilolijua lilikuwa linamletea la pili bure.

Trei hilo hilo ndilo lililomaliza tebo ya sita. 7 mara 6 haienei kwenye trei, sawa, jaza trei, hiyo 30, kisha panga mistari miwili mingine sakafuni chini yake, 12. Jumla 42. Nane mara sita ni trei na mistari mitatu: 30 na 18, 48. Tisa mara sita ni trei na mistari minne, 30 na 24, 54. Binti yako akiulizwa 6 mara 7 akaganda, atakuwa na pa kuanzia: trei moja na mistari miwili. Hahitaji kupanda mpaka "sita mara moja". Na kreti la soda nalo lipo, mistari 4 ya chupa 6, chupa 24. Makreti mawili 48, jibu lile lile la 8 mara 6 limekuja kwa mlango mwingine. Watoto wanafurahia sana jibu moja likitokea kwa njia mbili, wanajiona wamelikamata kweli kweli.

Sasa hilo bango la ukutani. Mdau aliyelipendekeza hakukosea sana, ila bango lililokwisha kujazwa mtoto halisomi. Baada ya muda linakuwa sehemu ya ukuta kama kalenda ya mwaka juzi. Na tebo mbona anayo tayari, madaftari mengi yamechapwa tebo kwenye jalada la nyuma, na bado anaganda. Mimi namchorea mtoto lake lenye viboksi vitupu: namba 1 mpaka 10 juu, 1 mpaka 10 pembeni, viboksi 100 ndani. Mwambie ukweli kwamba ni 100, na usimfiche kwamba zinatisha. Halafu chukueni penseli za rangi mzipunguze pamoja, jioni hii kidogo, jioni ile kidogo.

Mstari wa 1 anajaza bila kufikiri, kulala na kusimama. Wa 10 vile vile, anaongeza sifuri. Viboksi vilivyobaki 64. (Kama kuna mzee anayecheza bao hapo kwenu atatabasamu, ndiyo idadi ya kete.) Mstari wa 2 ni kujumlisha namba na yenyewe, na darasa la tatu wanalijua hilo: zimebaki 49. Mstari wa 5 anaupata kwenye saa, nitaueleza chini: zimebaki 36. Sasa mkumbushe trei. Kila kiboksi kina pacha wake upande wa pili, 3 mara 8 na 8 mara 3, kwa hiyo mapacha mnawapaka rangi moja, na za kujifunza zinabaki 21. Tebo ya tisa iko kwenye vidole, nayo nitaieleza. Ukiitoa zimebaki 15. Tebo ya nne ni ya pili iliyorudiwa: 4 mara 7 ni 14 na 14. Ukitoa na hiyo, za kupambana nazo ni 10 tu, na kati ya hizo nne ni namba inayojizidisha yenyewe, 3 mara 3, 6 mara 6, 7 mara 7, 8 mara 8, ambazo sijui kwa nini watoto wanazishika haraka. Zinabaki sita: 3 mara 6, 3 mara 7, 3 mara 8, 6 mara 7, 6 mara 8, 7 mara 8.

Sita, kutoka 100. Mtoto wa dada yangu, ambaye alikuwa mkaidi wa hesabu kuliko wote, alizihesabu hizo zilizobaki mara mbili kuhakikisha simdanganyi. Akaziandika kwenye kipande cha boksi la biskuti akakitia mfukoni. Kila aliyoiweza alikuwa anaikata kwa kalamu mbele yangu, kwa mbwembwe.

Saa, basi. Mshale mrefu ukiwa kwenye 1 ni dakika 5, kwenye 2 ni 10, kwenye 4 ni 20, kwenye 7 ni 35. Wapo wanaohofia kwamba sisi tunasoma saa kivyetu mtoto atachanganyikiwa. Hachanganyikiwi, maana mshale mfupi ndio wenye mambo hayo ya saa mbili kuwa kwenye 8; mshale mrefu unasomwa vile vile na kila mtu. Kama hamna saa ya mishale nyumbani kata boksi, tengeneza. Swali langu la kila siku dukani lilikuwa "mshale mrefu uko wapi, ni dakika ngapi?" na hakuna aliyewahi kuliita hesabu.

Tebo ya tisa na vidole. Nyosha mikono yote miwili mbele, viganja vikikutazama, vidole kumi. Vihesabu kutoka dole gumba la kushoto. Ukitaka 9 mara 4, kunja kidole cha nne. Vilivyobaki kushoto kwa kilichokunjwa ni 3, hizo ndizo makumi. Vya kulia ni 6, hizo ndizo moja moja. 36. Ukitaka 9 mara 7 kunja cha saba: kushoto 6, kulia 3, 63. Muonyeshe mara moja tu halafu mwache awaonyeshe wenzake, maana akiwa yeye ndiye anayefundisha wengine atarudia mpaka umchoke.

Kuna ya pili ya vidole ambayo wengi hawaijui, ya namba kuanzia 6 mpaka 9. Chukua 7 mara 8. Mkono wa kushoto ni 7: imezidi tano kwa mbili, inua vidole 2, vitatu vikunjwe. Mkono wa kulia ni 8: imezidi tano kwa tatu, inua 3, viwili vikunjwe. Vilivyoinuliwa jumlisha, kila kimoja ni kumi: 2 na 3, hamsini. Vilivyokunjwa zidisha: 3 mara 2, sita. Hamsini na sita. Jaribu 8 mara 8: vilivyoinuliwa 3 na 3, sitini, vilivyokunjwa 2 mara 2, nne. 64. Hii inafaa sana kwa tatu kati ya zile sita zilizobaki kwenye kipande cha boksi, 6 mara 7, 6 mara 8 na 7 mara 8, na kwa mtoto ni uchawi mtupu. Mwalimu mwingine atasema vidole ni vya chekechea. Muitikie kwa heshima, mtoto aendelee kimyakimya chini ya dawati. Vidole vinaondoka vyenyewe jibu likishazoeleka, sijaona mtu mzima anayekunja vidole kwa ajili ya 9 mara 4.

Na hiyo 7 mara 8 inayosumbua dunia nzima, mwandikie hivi: 56 = 7 × 8. Asome namba kwa mfuatano. Tano, sita, saba, nane. Basi.

Tebo ya saba kwetu ilikuja na vitumbua. Kikaango changu kina vishimo 7, kimoja katikati na sita kuzunguka, kwa hiyo kila mkupuo unatoa vitumbua 7, hutaki unataka. Mwanangu wa mwisho alikuwa anaamka mapema kukaa pembeni ya jiko, nikampa kazi ya kuhesabu. Mkupuo wa kwanza 7, wa pili 14, wa tatu 21, wa nne 28. Mpaka hapo ni wimbo tena. Nikaanza kumgeuzia: mteja anataka vitumbua 20, nikaange mikupuo mingapi? Mitatu, kinabaki kimoja, na kinachobaki ni cha mhasibu. Mteja anataka 40? Sita, vinabaki viwili. Nakuhakikishia mtoto akijua kinachobaki ni chake, kugawanya atakujua kabla mwalimu hajakufundisha. Wasio na kikaango watumie wiki. Wiki 3 mpaka shule ifunge ni siku ngapi? Wiki 6 mpaka Idi?

Tebo ya tatu waachieni wanaopenda mpira, wa kike kwa wa kiume. Ushindi ni pointi 3, sare ni 1. Timu imeshinda mechi 8, imetoka sare 2, ina pointi ngapi? Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30. Ikishinda zote itapata ngapi? Nyumbani kwangu kuna Simba na kuna Yanga, na ugomvi wa nani yuko juu ya nani ulifanya 3 mara 7 ieleweke jioni moja. Baba mtu alichangia zaidi kuliko anavyojua.

Ya nane mkabidhi babu mwenye bao, kama yupo. Bao lina mistari 4 ya mashimo 8, mashimo 32. Mstari mmoja 8, upande wa mchezaji mmoja 16, ongeza mstari 24, bao zima 32. Bao la kujifunza linaanza na kete mbili kila shimo, ndiyo zile 64. Asiye na bao achimbe vishimo mchangani uani, sisi wengine ndivyo tulivyojifunza kucheza.

Mdako nao usiuache kwa binti wa darasa la tatu, kama bado wanacheza mtaani kwenu. Kurusha kimoja juu, kuchota mawe kutoka kishimoni, kurudisha na kubakiza moja, raundi inayofuata kubakiza mbilimbili, kisha tatutatu. Hesabu ya kuruka ndiyo hiyo hiyo, na mkono una kazi, kwa hiyo kichwa hakina muda wa kuogopa. Kuruka kamba vile vile: badala ya moja, mbili, tatu, mruko wa kwanza ni nne, wa pili nane, wa tatu kumi na mbili. Anayekosea namba anatoka kama aliyekanyaga kamba.

Sasa karata, ambayo ndiyo iliyotupa kelele nyingi zaidi. Toa picha zote, zinabaki 40, ree ihesabike 1. Gawaneni nusu kwa nusu. Kila mmoja anafunua moja kwa wakati mmoja, wa kwanza kutaja zao la hizo mbili anachukua zote. Saba ya kopa na nne ya uru, "ishirini na nane!", mkono unashuka juu ya karata. Kwa anayeanza usifunue mbili. Weka 6 katikati isiyosogea, halafu funua nyingine juu yake moja moja, hapo anafanya tebo ya sita peke yake lakini bila mpangilio, ndicho tunachokitaka. Mkubwa akicheza na mdogo, mkubwa ahesabu tatu kimoyomoyo kabla ya kujibu. Nyumba zisizotaka karata, na najua ni nyingi hata mtaani kwangu, kateni vipande vya boksi mwandike namba 1 hadi 10 mara nne. Mchezo ni ule ule.

Karata inaonyesha pia kitu ambacho daftari halionyeshi: ni zipi hasa zinazomkwamisha. Ukicheza naye kidogo utaona 6 mara 8 inampita kila mara na 7 mara 7 haimpiti hata siku moja. Basi fanyia kazi hiyo 6 mara 8, achana na kumrudisha tebo nzima kutoka juu.

Kuna mchezo mwingine hauna jina. Mwache yeye awe mwalimu, akuulize, na wewe ukosee makusudi. "Sita mara tisa? Hamsini na sita." Utaona macho. Ili akukamate lazima ajue jibu, na ukishinikiza ("mimi nimesoma wewe, ni hamsini na sita") itabidi athibitishe, atachukua vizibo, atakunja vidole, atakuletea hamsini na nne mezani. Mwanangu wa kwanza alijifunza zaidi kwa kunikosoa kuliko kwa chochote nilichomfundisha.

Muda. Dakika tano, zikizidi kumi. Maswali matatu anayoyaweza, moja jipya, mnaacha akiwa bado anataka. Usimkalishe saa nzima baada ya magharibi amechoka, na tebo isiwe adhabu ya kumwaga maziwa. Wala usishike saa kumpima sekunde kwa sasa. Binti aliyeshazoea kuganda, ukimuongezea saa unamuongezea kuganda. Haraka itakuja yenyewe kwenye karata.

Programu za simu sina neno nazo. Nyingine nzuri, nyingi zina matangazo, na bando lako linaisha. Vizibo havimalizi bando.

Kwa walioko shule za Kiingereza: fundisha nyumbani kwa Kiswahili mpaka aelewe, halafu mfanyishe yale yale kwa Kiingereza. Vizibo havibadiliki. Ila hakikisha namba za Kiingereza zenyewe anazijua, maana nimeona mtoto anajua kabisa 3 mara 5 lakini kwenye kulitamka jibu anachanganya kumi na tano na hamsini.

Nirudi kwa ndugu yangu wa "sisi tulichapwa tukajua". Sisi tuliojua ndio tuko hapa tunaandika. Wale tuliokaa nao dawati moja wakachapwa kwa tebo hiyo hiyo na wasijue, wakaanza kutoroka siku za Hisabati, hawajaingia kwenye uzi huu kukujibu. Mimi nawakumbuka majina, baadhi yao ni wateja wangu, na kwenye kununua na kuuza wanapiga hesabu kichwani kunizidi. Kichwa walikuwa nacho.

Na mleta mada, hilo la fimbo usiliache likapita. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kwa utovu wa nidhamu ulio mkubwa. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, labda shule iwe haina. Kukosa 6 mara 7 si utovu wa nidhamu. Usiende kwa shari. Nenda asubuhi, muone mwalimu wa somo kwanza, mwambie mnafanya nini nyumbani na umuombe amuulize binti zile anazoziweza mbele ya wenzake kwa wiki mbili tatu. Walimu wengi wana darasa la watoto wengi kupita kiasi na hakuna mzazi anayekuja kuwaambia hivyo. Mwalimu wa kwetu nilipomfuata aliniomba trei tupu za mayai, nikampelekea rundo. Ikishindikana kwa mwalimu wa somo, ndipo uende kwa mwalimu mkuu.

Ikiwa umefanya haya kwa muda na bado hata 6 na 6 anahesabu kwa kidole kimoja kimoja kutoka moja, acha kuzidisha kabisa kwa sasa. Rudi kwenye kujumlisha, jozi za namba zinazofanya kumi, 7 na 3, 6 na 4, mpaka zitoke bila kufikiri. Tebo inasimama juu ya hizo. Na mpime macho, ni jambo la kawaida mtoto kuonekana mzito kumbe ubao hauoni.

Mdau mmoja juu kauliza kama mtoto wake wa chekechea aanze sasa hivi. Tebo hapana. Lakini mpe kazi ya kupanga viatu mlangoni na umuulize miguu ya watu wanne ni viatu vingapi, mpe karanga agawe sawa kwa ndugu zake watatu, mtume jikoni alete vijiko viwili kwa kila sahani. Hayo anayaweza leo. Kama nimeacha swali la mtu, niandikieni, nitajibu nikifunga duka.